Lazima Upitie Doha

Watu wote walimwita Mama Tiketi, na mimi sina sababu ya kumwita vingine. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alisoma mpaka darasa la ngapi, hayo sikumuuliza. Na kama ningemuuliza, angenijibu kwa swali lake la kila siku: "Pasipoti yako ina-expire lini?" Ninayoweza kueleza ni yale niliyoyaona kwa miaka sita, asubuhi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Crystal, Minnesota, ambako sote wawili tulikuwa wauguzi wasaidizi, na alasiri katika chumba chake kidogo nyuma ya duka la Mkongo pale Frogtown, ambako aliuza tiketi za ndege.

Naanza na jinsi alivyopima watu, maana sijaona wakala mwingine wa safari akifanya vile. Kule kazini tuna kipimo cha wazee. Unamwambia mzee ainuke kwenye kiti, atembee hatua kadhaa, ageuke, arudi, akae, nawe unatazama saa. Akichelewa sana unajua huyu yuko hatarini kuanguka. Mama Tiketi alikichukua kipimo hicho akakipeleka Frogtown. Mteja akiingia tu na kuanza kueleza anataka kwenda wapi, anakatizwa.

"Simama. Tembea mpaka kwa ile magunia ya mchele, urudi, ukae."

Mteja anacheka, akidhani ni mzaha. Mama Tiketi hacheki. Anashika saa yake ya kiuguzi aliyoibana kifuani na kungoja. Mtu akimaliza, ndipo anaambiwa anahitaji saa ngapi za kubadilisha ndege. Akina mama wenye magoti mabovu walipewa saa nne. Vijana walipewa tatu, hata wakilalamika.

"Masaa tatu ndio layover," alisema. "Masaa mbili ni imani. Lisaa limoja ni mbio, na mimi siuzi mbio."

Nilimwona akimfukuza mtu aliyetaka dakika hamsini na tano. Alimrudishia pasipoti yake kwa adabu zote, akamwonyesha mlango, akamwambia akitafute kifo chake kwa wakala mwingine. Yule bwana alirudi wiki ile ile na kutembea mpaka kwenye magunia bila kuambiwa.

Wawindaji walimjia kwa bahati. Katika nyumba yetu ya wazee alikuwapo bibi mmoja ambaye mwanawe alikuwa anakwenda Tanzania kuwinda nyati. Siku moja mwana huyo alikaa kando ya kitanda cha mama yake akisifia tiketi aliyoipata, na jinsi atakavyobadilisha ndege haraka. Mama Tiketi alikuwa anatandika shuka. Bila kugeuka alisema, "You will not make it." Kweli hakuwahi. Aliporudi alimtafuta yule mwanamke wa shuka, akamuuliza alijuaje. Kutoka hapo jina lake likasambaa kwenye vilabu vya kulenga shabaha na kwenye magereji ya Maple Grove, na wanaume wenye kofia za rangi ya majani wakaanza kuegesha magari makubwa nje ya duka la Mkongo.

Nami niliingizwa kwa sababu mimi ni mtu wa Moshi. Wawindaji wengi walikuwa wanashukia Kilimanjaro, na Mama Tiketi alitaka mtu wa kuwaeleza nani atawapokea, foleni ya kukaguliwa bunduki ikoje, na ni mwendo gani mpaka Arusha. Aliniita "wewe mtu wa Moshi" miaka yote sita. Mimi nilimwamkia kila siku, "Shikamoo, Mama," kama nilivyofunzwa, naye kila siku alinijibu, "Poa." Nilikasirika mwanzoni. Baadaye nikaelewa kwamba kwao Kenya shikamoo ni kitu cha kitabuni, halafu nikaelewa kwamba ananichokoza tu.

Wawindaji ni watu wa mipango. Anayekwenda kuwinda mwakani ameshaweka tarehe mwaka huu. Anajua uzito wa risasi yake, anajua upepo, anajua nyati anasimama vipi akiwa na hasira. Lakini uwanja wa ndege humshinda mara moja. Hajui kwamba risasi hazisafiri kwenye sanduku moja na bunduki, na kwamba kila nchi anayopitia inataka kibali chake hata kama hatoki nje ya uwanja. Hajui pia kwamba mzigo ukikosa ndege ya kwanza, unaweza kuzurura duniani wiki nzima huku yeye amekaa porini na darubini peke yake. Hayo yote Mama Tiketi aliyajua kichwani. Angeweza kukutajia namba ya bunduki ya mteja wa mwaka juzi kama anavyotaja namba ya simu ya dada yake.

Na bado bunduki aliziogopa kupita kiasi. Mwindaji akija na sanduku lake ili lipimwe uzito, hata likiwa tupu, halikuruhusiwa kuvuka mlango. Mkongo mwenye duka angepaza sauti kutoka mbele: "Maman, batu yako bamefika! Beko na valise ya bunduki!" Naye angejibu kwamba valise ibaki huko huko kwenye unga wa muhogo. Mimi ndiye niliyekwenda na mizani ya mkono, nikapima, nikarudi na jibu.

Nyama ya porini hakuila. Mmoja aliwahi kumletea ya kulungu, imekaushwa vizuri, imefungwa vizuri. Aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, na alipoondoka akaniambia niipeleke kwa mtu yeyote asiyemfahamu. Wengine walimletea picha wakiwa wamepiga goti nyuma ya nyati aliyekufa. Hizo nazo alizirudisha.

"Hiyo peleka kwa bibi yako aone," aliwaambia kwa Kiingereza chake kisichozunguka. "Mimi niletee ya layover."

Hapa niseme juu ya picha hizo. Kila mwindaji alipewa karatasi ya maagizo, na katika karatasi hiyo palikuwa na agizo moja ambalo halikuwamo kwenye karatasi za wateja wengine. Ukifika Doha, nenda kwenye duka la kahawa lililo kwenye njia ya kuelekea milango ya ndege za Afrika. Nunua kahawa. Piga picha na msichana anayekuhudumia. Nitumie, nijue umeunganisha ndege. Wawindaji walilipenda agizo hili. Waliona ni huduma ya hali ya juu, kwamba yuko mtu Minnesota ambaye halali mpaka ajue wamefika salama. Picha zilikuja kwenye simu yake, naye alikwenda kuzichapisha kwenye duka la dawa, maana huku maduka ya dawa huchapisha hata picha, na kuzibandika ukutani, safu juu ya safu. Mteja mpya akiuona ukuta ule anajua yuko mahali pa kuaminika: wanaume wenye ndevu na kofia, kila mmoja na kikombe mkononi, wameunganisha.

Zilikuwapo picha chache ambazo hakuzibandika. Nikimuuliza, alisema hazikutoka vizuri.

Sasa, mtu yeyote wa hapa anajua kwamba kutoka Minneapolis ipo ndege ya moja kwa moja mpaka Amsterdam, na kutoka Amsterdam ipo nyingine mpaka Kilimanjaro. Ndege mbili, basi. Wakenya na Watanzania wa kanisani kwetu aliwapeleka njia hiyo, au njia nyingine yoyote iliyokuwa nzuri kwao. Lakini mwindaji, hata awe nani, alipelekwa Chicago, kutoka Chicago Doha, kutoka Doha Kilimanjaro. Ndege tatu. Wakiuliza kwa nini, jibu lilikuwa neno moja.

"Bunduki."

Halafu angeinua kidole na kuwaeleza juu ya karatasi za Amsterdam mpaka wajihisi wameokolewa. Karatasi zipo, ni kweli. Lakini mimi nilikuja kuziona baadaye, na mtu kama yeye angezijaza huku anapika chai. Wakati huo nilimwamini. Si kumwamini tu, niliwaeleza wawindaji maneno yale yale kwa mdomo wangu, na kwa kuwa mimi ni wa upande wa Tanzania waliniamini zaidi.

Alikuwa mkali kwa watoto wa watu. Mama akija na mwanawe, na mtoto akajibu kwa Kiingereza, Mama Tiketi alijifanya hasikii. Angeinama, akaweka mkono sikioni, akangoja Kiswahili hata kama ni cha kuvunjikavunjika. Wavulana walimwogopa. Ila msichana wa miaka minane, tisa hivi, akiingia mle ndani, ukali wote uliyeyuka. Angemruhusu azungushe kiti, achezee mihuri, ajibu kwa lugha anayotaka. Nililiona hilo mara nyingi na sikulifikiria.

Niliutazama ukuta ule kwa miaka mitatu kabla ya kuuona. Ilikuwa Jumamosi, Mama Tiketi alitaka nipanguse vumbi kwa sababu mwindaji fulani ana pumu. Nikatoa picha moja, nikapangusa, nikarudisha. Ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne nikasimama. Nikarudi kwenye ya kwanza. Wanaume walikuwa mbalimbali, wanene, wembamba, wazee, lakini msichana alikuwa yuleyule. Hapa ana misuko mirefu, pale amenyoa, pale amevaa hijabu ya sare ambayo bila shaka ilikuwa ya mwezi wa Ramadhani tu. Kwenye picha za zamani hatazami kamera, anatazama mashine ya kahawa, mwindaji kamnasa tu kwa pembeni. Kwenye picha za karibuni anatazama mbele, usoni hana tabasamu, kana kwamba anamwangalia mtu aliye nyuma ya simu. Na jinsi alivyoinua kidevu ilikuwa sawasawa na ya mtu aliyekaa nyuma yangu akihesabu masaa ya layover.

Niligeuka. Mama Tiketi alikuwa ananitazama.

"Three years," alisema. "Miaka tatu ndio uone. Na unataka kusomea nursing."

"Ni mwanao?"

"Ni wangu."

Alinieleza kwa dakika kama tano, bila kulia, kama anavyoeleza masharti ya tiketi. Alimwacha huyu msichana akiwa na miaka tisa. Alimwambia anakwenda Amerika wiki mbili, kwenye mkutano wa kanisa, na atarudi na viatu vyenye taa. Wiki mbili zikawa miaka hii yote. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa kwenye kesi, akitoka nchini haruhusiwi kurudi, na mikono iliyomlipia msichana ada ni hii hii inayotandika shuka Crystal. Msichana alisoma, akamaliza, akapata kazi Doha, na siku aliyoanza kujilipia mwenyewe aliacha kupokea simu ya mama yake. Hakutukana, hakuandika neno. Aliacha tu kupokea. Ni shangazi yake wa Nakuru aliyesema anauza kahawa ndani ya uwanja wa ndege, na ni duka lipi.

"Kwa hiyo unawatuma wazungu," nilisema.

"Wakenya wangeongea. Wangemwambia pole, wangemwombea pale pale kwa counter. Mzungu anapiga picha anaenda."

"Lakini Mama, hawa watu wanapanda ndege tatu badala ya mbili. Na unawaambia ni kwa ajili ya bunduki."

Akaniambia vumbi limebaki kule juu kushoto.

Nilikasirika, nakiri. Mwanamke aliyemfukuza mtu kwa ajili ya dakika hamsini na tano, na mwenyewe anaishi juu ya uongo mmoja mkubwa uliobandikwa ukutani. Nilikaa wiki mbili bila kwenda Frogtown. Kule Crystal tulitandika vitanda pamoja tukizungumzia mito na mablanketi tu. Halafu nikarudi, kwa sababu nilimkumbuka, na kwa sababu nilipofumba macho nilimwona yule msichana akingoja viatu. Nikaendelea kuwaambia wawindaji juu ya karatasi za Amsterdam. Sehemu yangu katika jambo hili siikwepi.

Mzee mmoja wa Maple Grove alikuwa mteja wetu mara ya pili. Picha yake ya kwanza ilikuwa safu ya katikati, amevaa shati la mifuko mingi, anacheka. Safari hii alikuja na nyonga mbovu, na alipotembea mpaka kwenye magunia na kurudi, Mama Tiketi alitazama saa yake muda mrefu. Mzee alisema hii ndiyo ya mwisho. Nyonga itafanyiwa upasuaji msimu wa baridi, na daktari amemwambia baada ya hapo porini asahau. Ana siku kumi za kuwinda, anamtaka nyati mmoja, mzee kama yeye. Aliuliza kama hakuna njia fupi zaidi, kwa ajili ya mguu.

Nilimtazama Mama Tiketi. Nilitaka aseme Amsterdam. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Doha ndio salama," alisema. "Nitakupea masaa tano, na wheelchair."

Nami nilikaa pale na sikufungua mdomo.

Siku ya safari radi ilipiga Chicago mchana kutwa. Ndege zilikaa chini. Mzee alifika Doha wakati ndege yake ya Kilimanjaro imeshaondoka, na iliyofuata ni ya kesho yake. Bunduki nayo ilibaki Chicago, ikamfikia siku mbili baada yake. Akiwa na nyonga ile, hakuweza kuzunguka. Alikaa kwenye duka la kahawa lililoandikwa kwenye karatasi yake ya maagizo, kwa sababu ndiyo sehemu pekee aliyoijua.

Alipoingia Frogtown wiki tatu baadaye alikuwa na fimbo. Hakungoja kuambiwa atembee. Alizungumza Kiingereza cha polepole, cha watu wa huku, ambao wakikasirika sauti inashuka badala ya kupanda. Naandika alichosema kama nilivyokisikia.

"Siku tatu," alisema. "Nimepoteza siku tatu kati ya kumi, na nyati sikumpata. Nilikaa Doha usiku na mchana. Nikazungumza na yule msichana. Nikamwuliza kwa nini wakala wangu anataka picha yake. Akaniambia kwa nini."

Mama Tiketi alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa mezani.

"Kulikuwa na njia fupi?" mzee aliuliza.

"Ndiyo. Amsterdam."

"Na karatasi za bunduki?"

"Ningezijaza."

"Kwa hiyo ulinipeleka kule ili upate picha."

"Ndiyo," alisema Mama Tiketi. "Nilikukosea. Hukustahili."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kwa mtu yeyote. Nilitaka kusema na mimi nilijua, na mimi ni mkosaji, na nilisema, lakini mzee hakunitazama. Alikwenda ukutani akiburuta mguu, akatafuta, akabandua picha yake ile aliyocheka na kikombe mkononi, akaitia mfukoni. Halafu kutoka mfuko mwingine akatoa kikombe cha karatasi cha kahawa kilichobanwa kikawa bapa, akakiweka mezani.

"Aliniomba nilete hiki. Nilifikiria kukitupa." Akaondoka, na kengele ya mlango wa Mkongo ikalia nyuma yake. Hakurudi tena.

Kwenye vikombe vile, wauzaji huandika jina la mteja kwa kalamu ya wino mzito. Hiki hakikuwa na jina. Mama Tiketi alisoma, akakaa, akanisogezea. Msichana alikuwa ameandika: *Wacha kutuma wazungu. Kuja mwenyewe.*

Nililia mimi. Yeye alikunjua kikombe kwa vidole, akakinyoosha taratibu juu ya meza mpaka mikunjo ikapungua, akakibandika ukutani pale palipotoka picha ya mzee. Kisha akafungua daftari la wateja.

Wiki ile alimpigia simu kila mwindaji aliyewahi kumpeleka Doha, mmoja mmoja, baada ya kazi, akiwa bado na sare za Crystal. Aliwaambia kwamba njia fupi ilikuwapo, kwamba hakuwaambia, na sababu ni ipi. Nilimsihi aache.

"Utajiharibia jina, Mama."

"Wacha liharibike. Hiyo jina haitanifikisha."

Wengi walikata simu. Wengine walimwambia maneno. Mmoja alicheka, akasema kahawa ile ilikuwa nzuri na yeye ataendelea kupitia huko huko, lakini huyo alikuwa mtu wa namna yake. Magari makubwa yalipungua nje ya duka, mpaka Mkongo akauliza kama bawindaji bamekufa bote. Ukuta haukuongezeka tena.

Nilidhani atampigia binti yake siku ileile. Hakupiga.

"Ameniambia nikuje," alisema. "Hajaniambia nipige."

Basi akaanza kazi ya kuja. Alibadilisha wakili. Aliomba tena kila karatasi ambayo iliwahi kupotea. Alikwenda kwenye ofisi ya mbunge wa eneo letu kila Jumanne, siku yake ya mapumziko, akakaa kwenye kiti kilekile mpaka mpokea wageni akajua anakunywa chai ya namna gani. Walipomwambia aandike barua, aliandika. Walipomwambia angoje, alingojea hapo hapo kitini. Ilichukua misimu miwili ya baridi. Katikati ya msimu wa pili niliacha kazi Crystal, nikaingia shule ya uuguzi, nikahamia upande wa pili wa mji, na tukawa watu wa kusalimiana kwa simu siku za sikukuu.

Nilimwona kwa mara ya mwisho kwenye uwanja wa ndege wa hapa. Nilikwenda kumpokea shemeji yangu. Nikamwona mwanamke amesimama kwenye foleni, amenyooka, na mkoba mmoja mdogo begani. Sikuamini. Huyu ndiye aliyewapimia watu wote masanduku mawili mawili mpaka nusu kilo ya mwisho. Nilimwuliza mizigo yake iko wapi.

"Hii." Alifungua mkoba kidogo. Ndani kulikuwa na sweta, dawa za presha, na sanduku la viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Poa," alisema, lakini alinishika mkono na hakuuachia.

Alinionyesha tiketi. Kazi ni kazi, nikaisoma kama alivyonifundisha, kutoka chini kwenda juu. Nairobi, Doha, Chicago. Nilipofika kwenye muda wa kukaa Doha nilidhani nimesoma vibaya. Saa ishirini na tatu na dakika hamsini.

"Mama, hii ni nini? Si ungekata ya kuishia Doha?"

"Ukiishia Doha wanakutoa nje kwa immigration. Yeye ako ndani. Ni lazima uwe wa kupita ndio ukae ndani. Na ikifika masaa ishirini na nne si layover tena." Alifunga tiketi. "Hii ndio refu kabisa yenye inawezekana. Nimeitafuta miezi mbili."

"Anajua unakuja?"

"Hajui siku. Anajua nakuja."

"Na kama hayuko zamu?"

"Ndio sababu ya hayo masaa."

Foleni ilisogea, naye akasogea nayo, na mimi nikasogea upande wa kamba. Niliogopa kwa ajili yake. Niliona msichana akimtazama mama yake juu ya kaunta kama alivyowatazama wawindaji, bila tabasamu, na kumwuliza anataka kikombe cha ukubwa gani.

"Basi angalia saa," nilimwambia. "Ndege ya Nairobi isikuache. Mtu wa kukuwekea wheelchair hayupo."

Alinitazama kwa yale macho ya kumfukuza mtu wa dakika hamsini na tano.

"Ikiniacha, iniache," alisema.

Mtu wa ukaguzi akamwita. Nikapaza sauti, watu wakageuka: "Mama! Nitumie picha, nijue umeunganisha!"

Aliinua mkono bila kugeuka.

Siku ya kwanza haikuja kitu. Siku ya pili nilitazama simu darasani mpaka mwalimu akanionya. Siku ya tatu nilikuwa kwenye mazoezi ya wodini, namsaidia mzee mmoja ainuke kwenye kiti, atembee, ageuke, arudi. Simu ilitetemeka mfukoni. Nilimkalisha mzee kwanza.

Picha ilikuwa imeinama upande, imepigwa kwa karibu mno. Mama Tiketi yuko nusu, macho yamevimba, kitambaa kimemteleza kichwani. Msichana yuko kando yake, amevaa aproni ya kazi, shavu lake limegusa bega la mama. Katika picha zote za ukuta ule nilikuwa nimeona mkono wa mwindaji ukinyooshwa kushika simu. Hapa mkono ulionyooshwa ulikuwa wa msichana.

Nilitazama saa. Ndege ya Nairobi ilikuwa imeondoka Doha dakika arobaini zilizopita.